Beringi ya Nyuma Kushoto

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Sikio alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya muuza mbao, akikaza bomba la moshi, aliposikia gari la mshonaji linakuja. Lilikuwa halijakata hata kona ya duka la dawa. Mvumo wake ulikuwa mzito na wa mfululizo, kama wa mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya saruji bila kupumzika. Sikio aliweka spana kifuani akasikiliza.

"Nyuma kushoto," alijisemea. "Tena."

Watu walimwita Sikio kwa sababu hakuwa na haja ya kufungua boneti ili ajue ugonjwa wa gari. Walimtania kwamba hata mkewe akikohoa jikoni, yeye humwambia abadilishe plagi. Gereji yake ilikuwa uwanja wa saruji wenye paa la bati upande mmoja, na ukutani spana zilitundikwa kwa ukubwa, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeupe.

Gari liliingia, likazimwa. Lilikuwa saluni ya kijani iliyopauka, yenye umri wa miaka thelathini na moja, na lilikuwa limelalia upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo. Mshonaji alishuka taratibu. Alikuwa mzee mwembamba, mstaafu, mwenye pini mbili zilizosahaulika kwenye ukosi wa shati.

"Fundi, limeanza tena."

"Nimelisikia tangu duka la dawa, fundi mwenzangu."

"Basi sina la kuongeza."

Lakini Sikio alikuwa na la kuuliza. Beringi ya gurudumu la nyuma, ikifungwa vizuri na kupakwa grisi ya kutosha, hukaa miaka. Ya gari hili alikuwa ameibadilisha mara mbili katika muda usiofika mwaka. Mara ya kwanza aliona ni uzee wa chuma tu. Mara ya pili alimlaumu muuza vipuri, akaenda kumgombeza dukani mbele ya wateja wake. Safari hii hakubakiwa na wa kumlaumu isipokuwa mikono yake mwenyewe, na kwa mtu aliyeshika spana miaka thelathini hilo halikuwa jambo dogo.

"Mzee, niambie kweli. Hili gari unabebea nini? Saruji? Nondo?"

"Sibebi kitu. Namwendesha binti yangu tu."

"Huyo namjua. Mbali na yeye?"

"Mbali na yeye, hakuna."

Sikio aliinama kwenye dirisha la nyuma. Binti alikuwa amekaa upande wa kushoto, mahali pake pa kila siku, mkono mmoja umeshika kishikio cha juu ya mlango na mwingine uko juu ya tumbo. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minane tangu afe. Mtaa mzima ulijua kwamba yumo humo garini, na Sikio alijua pia. Hakuwa amemhesabu kwenye mzigo kwa sababu kila mtu anajua marehemu hana uzito. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake, na alikumbuka kwamba lilikuwa jepesi kiasi cha kuwafanya wabebaji waangaliane.

"Shikamoo, fundi," binti alisema.

"Marahaba," Sikio aliitikia, kwa kuwa marehemu alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na kitu. "Pole na safari."

"Nimeshapoa."

"Naomba ushuke kidogo, mwanangu, nipandishe jeki. Kiti kipo hapa kivulini."

"Samahani, fundi. Nikishuka hapa, hospitalini wataandika kwamba nilishuka mwenyewe."

"Hashuki," mshonaji alisema. "Mama yake alimbembeleza wiki nzima, mwisho akachoka. Siku hizi humletea chai humo humo."

Sikio alivuta breki ya mkono, akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akalegeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Kisha alisukuma jeki mahali pake, akaipampu. Gari halikunyanyuka. Jeki ililia, ikatema mafuta, ikakaa chini kama ng'ombe aliyekataa kazi. Ilibidi avuke barabara kwenda kwa fundi wa malori kuazima jeki ya tani ishirini. Fundi wa malori aliisukuma mwenyewe hadi pale, akauliza kuna nini kwenye buti. Alipoambiwa kwamba buti ni tupu, na aliyemo ni binti wa mshonaji, alimwamkia mzee, akampa pole, akarudi kwenye lori lake.

Tairi likatoka. Sikio alibandua kifuniko cha grisi, akanyoosha pini inayozuia nati isijifungue, akaichomoa, akafungua nati, akavuta dramu ya breki kwa mikono miwili. Beringi ya nje ilimwangukia kiganjani ikiwa bado ya moto. Aliiosha kwa mafuta ya taa ndani ya kopo, akaifuta, akaisogeza kwenye mwanga. Gololi zake, zilizopaswa kung'aa kama macho ya samaki mbichi, zilikuwa na vidonda, na chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya samawati kwa kuungua.

Beringi iliyofungwa vibaya huliwa ovyo ovyo, pande zote. Hii ilikuwa imeliwa mahali pamoja, kwenye ringi ya ndani isiyozunguka, upande wa chini. Sikio aliingia stoo akatoka na zile mbili za zamani, ambazo hakuwa amezitupa, akazipanga zote tatu juu ya benchi. Donda lilikuwa pale pale. Alilipapasa kwa ukucha, moja baada ya nyingine.

"Hii ya katikati ilikaa miezi saba," alisema. "Hii ya leo imekaa minne. Mikono yangu haina kosa. Mzee, mzigo wako unaongezeka."

Mshonaji alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Alifikiri kidogo.

"Mtoto anakua, fundi."

Sikio aligeuka akatazama dirisha la nyuma.

"Hajazaliwa, lakini hakuna aliyemwambia asimame. Sasa ana mwaka na miezi minane. Mama yake anasema ameota meno."

Kisha mshonaji akamweleza yote, bila kupandisha sauti, kama anayesoma vipimo vya suruali. Ilikuwa Jumatano. Uchungu ulimshika binti alfajiri, na saa moja asubuhi walikuwa kwenye geti la hospitali kubwa. Mlinzi alisema kitanda hakuna. Walivuka mji mzima hadi hospitali ya pili, ambayo ilisema haimpokei bila barua ya ile ya kwanza. Wakarudi kufuata barua. Waliisubiri nje ya geti kwa saa mbili na nusu, kwa sababu mwenye muhuri alikuwa kwenye kikao. Barua ilitoka saa tano kamili. Saa tano na dakika kumi, mbele ya kituo cha mafuta, katikati ya hospitali mbili, binti alifariki akiwa ameshika kishikio cha juu ya mlango. Walimzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi mshonaji alipofungua gari ili arudishe viti vya kuazima, alimkuta amekaa.

Mume wa binti alikuwa akija kila Jumapili kukaa naye kiti cha nyuma. Alipokaribia kuoa tena alikuja kuaga kwa adabu, na binti alimtakia heri.

"Kufa ni kwa wote, fundi," mshonaji alisema. "Sibishani na Mungu. Lakini kwenye karatasi ya hospitali kubwa, penye maelezo, wameandika maneno mawili. *Alichelewa kuletwa.* Nani alimchelewesha? Mimi ndiye niliyemleta. Mashuka ya wodi ile nimeyashona mimi, miaka ishirini na sita. Vitanda vyao navijua kwa hesabu, hata vile vya akiba. Wiki ile ile nilikuwa nimepeleka mashuka mapya."

Sikio alikuwa akigeuzageuza tindo mkononi.

"Jumatatu ya wiki ile nililishika gari hili," alisema. "Nilifunga viatu vipya vya breki."

"Nakumbuka."

"Halikuwasumbua njiani?"

"Halikutusumbua hata kidogo. Lilikwenda kama maji."

Kwa mwaka na miezi minane Sikio alikuwa na swali hilo rohoni, na kila alipokutana na mshonaji alilimeza. Sasa aligeukia droo ya vifaa akatafuta kwa muda mrefu kitu ambacho hakukihitaji.

Baada ya hapo alifanya kazi yake. Alizing'oa bakuli za zamani zinazokalia beringi ndani ya dramu kwa tindo na nyundo, akigonga huku na huku ili zitoke sawasawa, akagongea mpya hadi sauti ya nyundo ilipobadilika na kumwambia zimefika. Alishindilia grisi kwenye beringi kwa kiganja, mpaka ikachomoza upande wa pili. Akafunga sili ya kuzuia grisi isivuje, akarudisha dramu, akakaza nati huku akizungusha gurudumu, kisha akairudisha nyuma kidogo, kwa sababu beringi ikibanwa sana huungua na ikiachiwa sana hucheza. Akatia pini mpya. Alipolizungusha gurudumu kwa mara ya mwisho, halikutoa sauti yoyote.

"Hapa ni kimya," alisema, "lakini beringi husikilizwa barabarani. Jumatano nitakwenda nanyi."

Mshonaji hakuuliza amejuaje kuhusu Jumatano. Kila Jumatano, tangu yale mazishi, gari la kijani lilipita saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuelekea hospitali kubwa, na kurudi kabla ya saa sita.

Siku ilipofika Sikio alivaa shati safi, akakaa mbele kushoto. Mzee aliendesha polepole, kidevu karibu na usukani, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumpungukia. Beringi ilikuwa nzima, haivumi wala haigugumii. Chini ya ukimya huo, Sikio alisikia kitu kingine, akageuza kichwa kidogo.

"Mti," binti alikuwa akisema nyuma, akitazama nje.

"Mti," ilijibu sauti ndogo, nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Baiskeli."

"Kikeli."

"Mbwa. Yule kule, anakunywa maji."

"Bwa."

"Anamfundisha majina ya vitu," mshonaji alieleza, macho yake barabarani. "Anasema siku atakayotoka asiwe mgeni."

Sikio alitazama dirishani upande wake, akaona mti, kisha akaona nyumba, na kila alichokiona kilitajwa nyuma yake mara mbili. Wakafika hospitali kubwa.

Mlinzi wa geti alitoka kibandani akifunga kifungo cha shati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne, na wote walizaliwa katika hospitali ile. Aliinama kwenye dirisha la dereva, akasalimia, akavuta pumzi ili aseme. Kabla hajasema, sauti ndogo ya nyuma ilitamka wazi, bila kukosea hata herufi:

"Hakuna."

Mlinzi alitazama viatu vyake.

"Ndivyo, mzee," alisema. "Leo pia."

Hata hivyo alikwenda kumwita karani, kama alivyofanya kila wiki. Karani alikuwa mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Alikuja na fomu kwenye ubao, akasimama upande wa binti, akamuuliza jina, umri, na mimba ina wiki ngapi.

"Mia moja na ishirini na tano," binti alijibu.

"Ndiyo shida yetu, mwanangu. Visanduku vya tarakimu viko viwili tu. Wiki jana nilikuambia. Nikiandika tisini na tisa nitakuwa nimedanganya, na mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu."

Sikio alifungua mlango akashuka.

"Mama, samahani. Mimi ndiye fundi wa gari hili. Nimekuja kulisemea."

"Lisemee."

"Siku ile lilikuwa zima. Nililikagua siku mbili kabla. Saa moja asubuhi lilikuwa hapa hapa lilipo sasa. Kwa hiyo yale maneno kwenye karatasi si kweli."

Karani alivaa miwani akamtazama vizuri. "Yaliandikwa na daktari wa zamu."

"Aliwaona wakifika?"

"Hakuwepo. Alikuwa kwenye kikao. Ndiyo maana aliandika kwa kuambiwa."

"Na aliyemwambia?"

"Naye alikuwa kwenye kikao." Karani alishusha sauti. "Baba, mimi nilikuwepo. Niliwaona. Lakini mimi siandiki maelezo, mimi naandika majina. Lete barua."

Sikio aliandika barua juu ya boneti ya gari, kwa kalamu ya karani. Hakuwa mtu wa kuandika, na mstari ulipanda mlima kadiri alivyoendelea. Alisema kwamba yeye, fundi magari, anathibitisha kuwa gari la mshonaji lilikuwa na breki mpya na lilifika saa moja asubuhi, na kwamba waliochelewa walikuwa ndani ya geti, si nje. Karani aliisoma mara mbili. Alisema imeandikwa vizuri. Alitoa muhuri wa mapokezi mfukoni mwa koti lake, akapuliza, akagonga IMEPOKELEWA, akaiweka kwenye jalada ambalo lilikuwa limeshafungwa kwa kamba kwa sababu ya unene.

"Majibu lini?" Sikio aliuliza.

"Kikao kikikaa."

Waliendesha kurudi. Mbele ya kituo cha mafuta, mshonaji alipunguza mwendo kama kawaida yake, na hakuna aliyetaja jina la kitu chochote mpaka walipokipita.

Kikao kilikaa mara mbili mwaka ule. Cha kwanza kilizungumzia rangi ya kuta. Cha pili kilivunjika kwa sababu mwenye muhuri hakufika. Sikio hakungoja. Beringi ya gari dogo isingemaliza miezi mitatu, na baada yake isingemaliza miwili, kwa hiyo alikaa na fundi wa malori Jumapili mbili mfululizo, wakakereza mhimili mpya na kufunga beringi ya lori la tani tatu. Kwa nje gurudumu lilionekana kubwa kuliko wenzake, kama mguu uliovimba, lakini lilibeba. Springi nazo waliziongeza. Muuza vipuri, ambaye alikuwa ameshaombwa radhi, aliwatolea bure sili na pini.

Macho ya mshonaji yakaingia ukungu kabisa mwezi wa nane. Alikuja gereji kwa miguu, akipapasa ukuta, akasema hana wa kumwachia usukani. Sikio alisema yupo. Tangu hapo gereji haikufunguliwa Jumatano asubuhi, na wateja walizoea. Muuza mbao alikuwa akiwaambia wageni, "Leo Sikio kampeleka binti hospitali," na wageni waliambiana, wakarudi mchana.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata, kwenye bahasha ndefu. Sikio alimsomea mshonaji. Uongozi wa hospitali ulisikitika. Uongozi ulieleza kwamba maelezo yakishaandikwa hayafutwi, kwa hiyo *alichelewa kuletwa* yatabaki kama yalivyo. Lakini kwa kuzingatia umri wa mzee, uzito wa gari, na utumishi wake wa miaka mingi katika mashuka, uongozi ulikuwa umeamua kumpatia nafasi ya kudumu ya kuegesha, ndani ya geti, ubavuni mwa wodi ya wazazi.

"Soma tena hapo mwisho," mshonaji alisema, na Sikio alisoma tena.

Jumatano iliyofuata mlinzi aliinua kizuizi kabla hawajasimama. Alikuwa amepiga mistari miwili myeupe kwa mkono wake, na ilinyooka. Alitembea mbele ya gari akiwaonyesha njia, akasema kushoto, kushoto kidogo, hapo hapo, mpaka mlango wa binti ukawa hatua nne kutoka kwenye dirisha la wodi. Kisha alirudi kibandani kwake.

Sikio alizima injini. Dirisha lilikuwa wazi na pazia lilikuwa limefungwa fundo.

"Unaona ndani?" mshonaji aliuliza.

"Naona."

"Vitanda vitupu vingapi?"

Sikio alivihesabu, akarudia kuhesabu kutoka upande wa pili.

"Sita."

"Vimetandikwa?"

"Vimetandikwa."

Mshonaji alitikisa kichwa polepole. Muuguzi mmoja alipita kati ya vitanda na kopo la maji, akawaona, akawapungia mkono. Binti alimpungia pia. Walikaa hivyo asubuhi nzima. Watu waliingia na maua na vyombo vya chakula, wakapita kando ya gari, na wengine waliinama dirishani wakasalimia, wakamuuliza binti miezi mingapi imebaki, naye aliwajibu kwamba hajui, hapa ndipo watakapomwambia.

Saa sita kengele ya kuwatoa wageni iligongwa. Mlinzi alikuja, akawaambia kwa heshima kwamba muda umekwisha na kwamba nafasi yao ni yao, hakuna atakayeigusa. Sikio aliwasha gari, akalitoa kwa gia ya kwanza, polepole sana, kwa sababu binti alikuwa amemwonyesha kwa kidole mdomoni kwamba mtoto amelala.